Je, wajua kwa nini mzee huchanganyikiwa baada ya operesheni hata kama hakupewa nusu kaputi?

Mzee wa Isevya, Tabora, kavunjika nyonga. Anachomwa sindano ya mgongo, miguu inakufa ganzi, anapasuliwa akiwa macho. Usiku wa pili anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake na kung'ang'ania kwenda kufungulia ng'ombe. Barazani hukumu ni moja: sindano imegusa ubongo.

Haikuugusa. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, na ganzi huisha baada ya saa chache.

Wataalamu nao walikuwa na dhana yao: kwamba mkosaji ni nusu kaputi, kwa hiyo ganzi ya mgongo ingeinusuru akili. Inaingia akilini kabisa, ila vipimo viliikataa. Utafiti wa REGAIN wa Marekani na Kanada, uliochapishwa 2021, uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga. Waliochanganyikiwa: asilimia 20.5 kwa ganzi ya mgongo, 19.7 kwa nusu kaputi. Pengine zile dawa za kutuliza zinazoongezwa juu ya ganzi ziliharibu hesabu? Mwaka 2022 China ikaleta majibu ya wagonjwa 950, ganzi tupu bila dawa hizo. Tofauti ya maana haikuonekana.

Mtuhumiwa mkubwa sasa ni jeraha lenyewe. Fikiria sungusungu: yowe likipigwa nyumba moja, walinzi wa vijiji vya mbali nao huamka. Mfupa uliovunjika na nyama iliyokatwa humwaga kemikali za hatari kwenye damu; ubongo, ambao haukuguswa, husikia yowe hilo, na seli zake za ulinzi hukurupuka. Uzeeni walinzi hawa hulala jicho moja wazi: huamka upesi, huchelewa kutulia, na katika vurugu hizo mawasiliano ya seli za kumbukumbu huvurugika. Ushahidi mwingi wa hatua hizi, lakini, umetoka kwa panya.

Tena, kuchanganyikiwa kwa siku chache si sawa na kusahausahau kunakodumu miezi. Kwa huko pia, utafiti wa 2003 ulikuta karibu sare baada ya miezi mitatu: asilimia 14.3 kwa nusu kaputi, 13.9 kwa ganzi.

Wodini, basi, mzee akianza kuweweseka, muuguzi huulizia maumivu, homa, mkojo uliokwama, maji aliyokunywa, na miwani yake iko wapi.