Chuki dhidi ya wanawake: inavyothibitishwa, na inavyopotea kwenye faili

Kifungu cha 9(3) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba msukumo wa mtu kutenda kosa hauhusiki katika kuamua hatia yake, isipokuwa sheria iwe imetamka wazi kwamba unahusika. Mtu akimjeruhi mwanamke, mahakama huuliza kama alimpiga na kama alikusudia. Kwa nini alimchagua huyo kati ya watu wote waliokuwapo, si swali la lazima. Sisi tunaotaka dhuluma dhidi ya wanawake ziadhibiwe kama jinai ya chuki tunataka swali hilo liulizwe. Lakini likiulizwa vibaya linaweza kumwokoa mshtakiwa.

Pengo lipo. Katiba ya 2010, ibara ya 33(2)(d), inakataa kulinda uchochezi wa chuki uliojengwa juu ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika ibara ya 27(4), na jinsia imo katika orodha hiyo. Ila kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kimeishia kwenye rangi, uraia, kabila na asili. Anayechochea chuki dhidi ya kabila kinamngoja. Anayechochea chuki dhidi ya wanawake hakimgusi.

Mwaka 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwa madai ya kuvaa vibaya na waandamanaji kujaa Nairobi mwezi Novemba, Bunge liliongeza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu: kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Nakiunga mkono, ila hakisemi neno juu ya sababu ya kuvuliwa. Na katika shambulio dhidi ya mwanamke mmoja huko Githurai, Nairobi, lililotangulia kifungu hicho, ndani ya basi, wanaume watatu walihukumiwa kifo mwaka 2017, na kosa lililobeba adhabu hiyo lilikuwa wizi wa kimabavu. Mali ya mwanamke huyo ilipimwa uzito kuliko mwili wake.

Sasa sheria mpya iandikwe vipi? Uingereza, tangu 1998, mashtaka ya chuki ya rangi yana njia mbili: kuonyesha kwamba mshtakiwa alidhihirisha uadui wakati wa kosa, au papo hapo kabla au baada yake, ama kwamba alisukumwa na uadui huo, hata kwa sehemu tu. Tume ya Sheria ya huko ilipoombwa kuangalia kama jinsia iongezwe, ilikataa katika ripoti ya Desemba 2021. Hoja yake moja naiona nzito: katika ubakaji na dhuluma za nyumbani, kudai uthibitisho wa uadui kungeongeza mzigo wa mashtaka na kuwagawa waathiriwa, wengine waonekane wameumizwa na chuki, wengine na “mapenzi yaliyoharibika tu”. Mume aliyeua atasimama kizimbani aseme alimpenda. Ukimtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba hakumpenda, umempa mshtakiwa utetezi wa bure.

Meksiko walipita kwingine. Kifungu cha 325 cha kanuni yao ya jinai ya shirikisho, kilipoandikwa upya mwaka 2012, kiliorodhesha hali saba, na mojawapo ikitosha kuonyesha kwamba mwanamke aliuawa kwa sababu ya jinsia yake: dalili za ukatili wa kingono, majeraha ya kudhalilisha, historia ya dhuluma, uhusiano wa kimapenzi au wa kuaminiana, vitisho vya awali, kufungiwa asiwasiliane na watu, na mwili kutupwa hadharani. Adhabu ni miaka 40 hadi 60. Hali hizo zisipothibitika, mshtakiwa haachiliwi. Kesi inafuata kanuni za mauaji ya kawaida. Orodha kama hiyo ndiyo ningeiiga, kwa sababu inathibitika kwa vitu vinavyoonekana na hailazimu hakimu kusoma moyo wa mtu.

Hata kabla ya sheria kubadilika, mlango uko wazi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ushahidi wa msukumo, na vifungu vya 216 na 329 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinaruhusu mahakama kupokea ushahidi zaidi kabla ya kutoa adhabu. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi wenyewe, na hupotea mapema sana: kituoni, afisa anapoandika kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, “ugomvi wa nyumbani”, au anapotafsiri matusi kwa Kiingereza na kubakiza kwamba mlalamishi “alitukanwa”.

Sisitiza maneno yaandikwe yalivyotamkwa, kwa Kiswahili, Sheng au lugha ya mama, pamoja na wakati yaliposemwa: kabla ya kipigo, katikati, au baadaye. Usitie sahihi taarifa kabla ya kusomewa. Mashahidi waulizwe kama wanaume walikuwapo pale na kama waliguswa, ili ionekane kama wanawake tu ndio waliolengwa. Ripoti za zamani zitafutwe kwa nambari zake za OB, hata zilizoandikwa kituo kingine, na tarehe ambayo mwanamke aliondoka au aliomba talaka iingizwe kwenye taarifa, maana vitisho vya baada ya tarehe hiyo vina maana tofauti kabisa.

Kama kuna ukatili wa kingono, hospitali kwanza: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa huko huko, pamoja na P3, fomu ya polisi ya kuandika majeraha. Mwathiriwa asioge kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, kila vazi peke yake; plastiki hufungia unyevu na kuozesha sampuli.

Ujumbe wa simu usifutwe, na picha ya skrini isiwe ndiyo kumbukumbu pekee. Simu yenyewe itunzwe, na upande wa mashtaka uandae cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza nani aliyeunakili ujumbe huo kutoka kwenye simu na kwa kifaa gani. Bila cheti hicho wakili wa utetezi atapinga, na vitisho vya miezi mingi vinaweza kutupwa nje kwa pingamizi moja.

Na mlalamishi akiambiwa aondoe kesi wakaelewane nyumbani, ajue kwamba upatanisho wa kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni wa makosa madogo kama shambulio la kawaida, na haugusi makosa makubwa. Ubakaji haumo. Kujeruhi vibaya hakumo.