Singe ya babu: ya Kisii au ya Burma?

Mwezi uliopita kijana mmoja alipanda matatu kutoka Ahero hadi kwangu hapa Nakuru, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia la mbolea. Alikikalia magotini safari nzima, akiombea polisi wa barabarani wasiulize. Alipokifungua mezani alisema, "Mzee, nimeambiwa huu ni upanga wa samurai." Kuna mtu aliona picha zake mtandaoni akamshauri asiuuze chini ya milioni moja. Nilicheka, kisha nikamwomba radhi, maana nauli aliyolipa haikuwa ya kuchekwa.

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini. Tangu nistaafu watu huniletea vyuma vya mababu zao: mikuki, panga, visu vya ajabu, mara moja hata kipande cha springi ya lori ambacho mwenyewe aliapa ni cha Mwarabu wa Mumias. Huyu alinivuta kwa sababu hakuja na chuma peke yake, alikuja na ugomvi. Baba yake mdogo hushikilia kwamba chuma hicho ni cha Mjerumani, kilitoka kwenye mapigano ya Kisii ya Septemba 1914, na mwenye kukileta ni baba yake babu, aliyekuwa mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza. Shangazi naye anasema hapana, kilirudi na babu mwenyewe kutoka Burma (Myanmar ya leo), alikokwenda vita vya pili na Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika. Kwenye matanga mwaka jana nusura watu washikane mashati.

Tuanze na upanga. Huu haukuwa upanga, ulikuwa singe, kisu kirefu cha kufungwa kwenye mdomo wa bunduki. Tazama kinga ya mkono, kile chuma kinachokatiza kati ya mpini na bapa: upande wa juu kina tundu la mviringo linalopita kidole. Hapo ndipo mdomo wa bunduki huingia. Kisha geuza kichwa cha mpini, utaona mfuo mwembamba na kitufe cha kubonyeza pembeni. Mfuo huo hushika ulimi ulio chini ya mtutu, kitufe hufungua. Samurai hakuwa na haja ya tundu wala kitufe. Ukiviona viwili hivi, maneno ya milioni yaweke kando kwanza.

Singe nyingi ninazoletewa ni za Mwingereza, zile za bunduki ya Lee-Enfield. Zina chapa ya taji na tarakimu 1907, na kila familia hunitajia mwaka huo kwa fahari. Lakini 1907 ni jina la muundo tu. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa huwa chini yake, kwa tarakimu ndogo, na mara nyingi husoma 1916 au 1917. Bapa lake ni inchi 17, yaani sentimita 43. Nilipima hili la Ahero. Ncha ilikuwa imekatika, lakini hata nikirudisha kwa makisio kile kipande kilichopotea, halikuzidi sentimita 40. Taji halikuwapo. Herufi hata moja ya Kizungu haikuwapo.

Hapo nikamfikiria baba mdogo. Singe za Prussia hupigwa chapa mgongoni mwa bapa, ule upande butu: taji, herufi ya jina la mfalme, na tarakimu mbili za mwaka. Jina la kiwanda huandikwa karibu na kinga. Nilipaka mafuta mepesi mgongoni, nikasubiri usiku kucha, asubuhi nikapangusa kwa kitambaa. Mgongo ulikuwa mtupu.

Chapa ilikuwa kwingine, ubavuni pa bapa karibu na kinga, imefunikwa na kutu nyeusi. Huwa sisugui mahali kama hapo. Naweka taa ya mkononi ilale karibu sawa na chuma, mwanga upite kwa ubavu, ndipo vishimo vitupe vivuli. Vikatokea viduara vinne vilivyoshikana, kama mizinga ya nyuki iliyopangwa. Hiyo ni chapa ya karakana ya serikali ya Japani iliyokuwa Tokyo, ambayo baadaye ilirithiwa na karakana ya Kokura. Basi ni singe ya Kijapani ya muundo wa mwaka wa 30 wa utawala wa mfalme Meiji, yaani 1897, iliyotumika na bunduki za Arisaka hadi 1945. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Wajapani waliipenda kiasi cha kuifanya iweze kufungwa hata kwenye bunduki zao nyepesi za rashasha, jambo ambalo mimi kama fundi bado sijaelewa lilikuwa na faida gani.

Kijana akataka kumpigia shangazi simu papo hapo. Nikamzuia.

Japani haimaanishi Burma moja kwa moja. Mwaka 1914 na 1915 Uingereza ilikuwa na upungufu wa bunduki, ikanunua Arisaka kutoka Japani pamoja na singe zake, kwa mafunzo na kwa jeshi la majini. Kwa hiyo singe ya Kijapani ingeweza kuwa mikononi mwa Mwingereza tangu vita vya kwanza, na baba mdogo, ambaye ni mwalimu mstaafu na hashindwi na hoja, angeweza kusema yule mpagazi wa Kariakoo aliipata kwa njia hiyo.

Kilichoamua ni mpini. Singe za Kijapani za zamani zina ndoano chini ya kinga, mbao zake zimechongwa kufuata kiganja, na hushikwa kwa skrubu. Vita vya pili vilipowabana, mafundi wao waliacha madoido: ndoano ikaondolewa, kinga ikanyooka, mbao zikawa tambarare, ribiti zikachukua nafasi ya skrubu. Nikaikagua kinga kwa kioo cha kukuzia kuona kama ndoano ilikatwa kwa tupa, kwa sababu nimeshaona hilo likifanywa. Haikukatwa. Ilizaliwa imenyooka. Na mbao zake zilikuwa na ribiti mbili. Chuma hiki hakikuwapo duniani mwaka 1914.

Shangazi alikuwa sahihi, isipokuwa kwa jambo moja: husimulia kwamba babu alimnyang'anya afisa. Singe ni ya askari wa kawaida. Afisa alibeba upanga. Na sioni sababu ya kudhani kulikuwa na mapambano ya mtu na mtu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo Keya walipigana, iliingia bonde la Kabaw huko Burma katikati ya 1944, mvua ikinyesha bila huruma na malaria ikiangusha watu, ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal na Kohima, kule India. Desemba walikuwa Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wajapani wengi walikuwa wamekufa njiani kwa njaa na magonjwa, silaha zao zimelala kando ya njia. Askari wa Keya angeweza kuinama tu akaokota. Nilimwambia kijana hivi taratibu, kwa kuwa najua hadithi ya afisa itasimuliwa bado.

Kuhusu ile ncha: babu aliitumia kukatia miwa, akainoa kwenye jiwe miaka mingi hadi bapa likapungua upana. Wakusanyaji wa ng'ambo husikitika wakiona hivyo. Mimi naona ni sehemu ya umri wake, na nilikataa ombi la kijana la kuipeleka kwa fundi wa jua kali aichonge ncha mpya. Grinda ingekula chapa kwa dakika moja. Tulisugua kutu nyekundu tu, kwa mafuta na sufi ya chuma iliyo laini kabisa, nyeusi tukaiacha, kisha nta nyembamba. Mbao hatukuzilowesha.

Aliuliza kama Makumbusho ya Taifa wataidai. Sheria ya 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vya kabla ya 1895. Muundo huu wenyewe ni wa 1897, kwa hiyo imeponea miaka miwili.

Jioni alipiga simu nyumbani akiwa bado kwangu, akaweka spika. Shangazi alipiga kigelegele. Baba mdogo alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa ile ya mpini wa shaba iko wapi?" Shangazi akasema ipo kwake Sondu, huichimbia mihogo.

Nimewaambia wasiioshe.