Kwa nini shahidi mmoja wa kuanguka kwa Konstantinopoli ana vitabu viwili?

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 1453, siku ambayo Waturuki wa Osmani waliuteka mji wa Konstantinopoli (leo Istanbul), Mfalme Constantine XI wa Bizanti, milki ya Wagiriki, aliwaomba msamaha watu wa jumba lake huku vilio vimetanda, kisha akapanda farasi kwenda kukagua kuta. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi, na anayetajwa kuwa shahidi wake ni Georgios Sphrantzes, mtumishi wa karibu wa mfalme.

Sphrantzes alikuwamo mjini kweli. Maneno hayo si yake.

Kumbukumbu zake halisi ni fupi: zinaanza mwaka 1401, aliozaliwa, na kukoma 1477, akiwa mtawa kisiwani Corfu. Mazingiwa ya mji ameyapitia kwa ufupi mno. Kuhusu kifo cha bwana wake anasema tu kwamba saa ile hakuwa karibu naye, maana alikuwa ametumwa kukagua upande mwingine wa mji.

Kitabu cha pili ni kinene na kinaanzia mwaka 1258. Kilitungwa Napoli, Italia, katika miaka ya 1570 na Makarios Melissenos, askofu mkuu wa Monemvasia, mji wa Ugiriki, takriban karne moja baada ya Sphrantzes kufariki. Alizichukua kumbukumbu zile, akazijaza nyama, akapachika hati za kuutukuza mji wake na ukoo wa Melissenos, na jina la Sphrantzes akaliacha palepale. Kwa muda mrefu wasomi walidhani kitabu kinene ndicho cha asili na kile chembamba ni muhtasari wake. Ni katika miaka ya 1930 na 1940 ndipo Falier-Papadopoulos, Dölger na Loenertz walipoupindua mtazamo huo.

Walimnasaje Melissenos? Mwalimu anaposahihisha mtihani, majibu sahihi yanayofanana hayamshtui. Kinachomshtua ni wanafunzi wawili kupanga hoja zilezile kwa mfuatano uleule. Sura za mazingiwa katika kitabu kinene zinafuata hivyo barua ya Kilatini ya Leonard wa Chios, askofu mkuu wa Mytilene, aliyemwandikia Papa Nicholas V tarehe 16 Agosti 1453. Hata hotuba ya mwisho ya mfalme imejengwa juu ya ile ya Leonard, ikarefushwa. Mgiriki aliyekuwa ndani ya kuta hakuwa na haja ya kuazima macho ya askofu Mlatini, yaani Mkatoliki wa magharibi.

Hesabu nazo zimebadilika. Sphrantzes, ambaye mfalme alimkabidhi kazi ya kujumlisha walinzi, anaandika Wagiriki 4,773 na wageni kama 200. Kitabu kinene kinasema 4,973 na 2,000. Hapa tahadhari inahitajika, na ndipo jambo linaponoga: Giustiniani wa Genoa, kamanda Mwitalia aliyekuja kuusaidia mji, peke yake hukadiriwa kuja na watu wapatao 700, hivyo 200 ni wachache mno, na tarakimu ya mghushi huenda iko karibu zaidi na ukweli.

Ukikuta kitabu cha zamani kinachomwita shahidi huyu "Phrantzes", au kinachomweka mnarani pamoja na mfalme jogoo wa kwanza akiwika, ujue kimechota kwa Melissenos. Hotuba yenyewe isitupwe yote, kwa kuwa Leonard aliiandika miezi mitatu tu baada ya mji kuanguka. Inaelekea mfalme alihutubia watu wake kweli; kwa maneno gani hasa, Sphrantzes hakutuachia hata sentensi moja.