Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna: maana yake na nguvu yake kisheria

Muda wa kusubiri ni idadi ya siku ambazo lazima zipite tangu kiuatilifu, yaani dawa ya wadudu au magonjwa ya mimea, kipuliziwe kwa mara ya mwisho hadi zao livunwe. Namba hiyo iko kwenye lebo, mara nyingi kwa maandishi madogo karibu na kipimo cha dawa: siku 3, siku 7, siku 14, na zipo dawa zinazodai mwezi na zaidi. Wakulima wengi huichukulia kama ushauri wa mtengenezaji, wa kufuatwa mtu akiwa na nafasi. Kumbe ni sehemu ya masharti ambayo dawa hiyo iliruhusiwa kuingia sokoni.

Tanzania hairuhusu kiuatilifu kuuzwa bila kusajiliwa. Kazi ya kusajili ilikuwa ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na sasa iko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Kenya wanayo PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu, inayosimamia sheria ya mwaka 1982. Kinachosajiliwa si jina la dawa peke yake. Dawa husajiliwa kwa zao fulani, dhidi ya mdudu au ugonjwa fulani, kwa kipimo fulani, na kwa siku fulani za kusubiri. Ukichukua dawa ya pamba ukaipiga kwenye kabichi, siku zilizoandikwa pale hazikuhusu tena, kwa sababu hakuna aliyezipima kwenye kabichi.

Maana siku hizo hupimwa. Dawa hupuliziwa kwenye mashamba ya majaribio kwa kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa, kisha mazao huchumwa siku hiyohiyo, baada ya siku moja, tatu, saba na kuendelea, yakapelekwa maabara. Jua, mvua na kemikali za mmea wenyewe huivunjavunja sumu, na tunda linapokua kiasi kilichobaki hutawanyika kwenye uzito mkubwa zaidi. Inatafutwa siku ambayo mabaki yameshuka chini ya kikomo kilichowekwa kisheria kwa zao hilo. Vikomo vya kimataifa hutolewa na Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, ingawa nchi inaweza kuwa na vyake.

Kwa hiyo anayeongeza vifuniko viwili vya dawa kwenye bomba “ili ishike” amejiondoa kwenye hesabu hiyo, hata kama atasubiri siku zote. Vivyo hivyo anayechanganya dawa tatu akafuata siku za ile yenye chache. Ukichanganya, unafuata yenye siku nyingi kuliko zote, na hapo bado umechukulia kwamba dawa hizo zinaruhusiwa kuchanganywa.

Wapo wanaojitetea kwamba mlaji ataosha. Kuosha husaidia kwa dawa inayobaki juu ya ganda, kama ule unga mweupe wa mankozebu, dawa ya ukungu, unaoonekana kwenye nyanya sokoni. Dawa ya mfumo, kama dimethoeti ya kuua wadudu, huingia ndani ya mmea na kusafiri na maji yake. Hiyo haioshwi wala haionekani. Mnunuzi anayekimbia nyanya yenye unga anaweza kuangukia inayong’aa iliyopigwa dawa jana.

Dimethoeti hiyohiyo iliwagharimu wakulima wa Kenya. Maharage mabichi yaliyopelekwa Ulaya yalikutwa na mabaki yake kupita kikomo cha huko cha wakati huo, miligramu 0.02 kwa kilo, na kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukaagiza asilimia 10 ya shehena zipimwe. Ghafla siku za kusubiri zikawa na bei. Kinachonikera ni kwamba maharage ya kwenda ng’ambo yana mtu wa kuyapima, ilhali mchicha unaoingia sokoni kwetu alfajiri huliwa mchana na hakuna aliyeugusa kwa kipimo chochote.

Tukubali pia kwamba sharti hili lina ugumu wake. Mahindi huvunwa mara moja, kuhesabu siku si kazi. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, na wakati huohuo kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda, na baka jani, ugonjwa wa majani, havipumziki. Mwenye dawa ya siku 14 mkononi katikati ya mavuno hana namna ya kuitii bila kupoteza michumo kadhaa. Njia inayowezekana ni kupanga kwa kurudi nyuma: dawa zenye siku nyingi zitumike mche ukiwa mchanga na kabla ya matunda, zenye siku chache zibakizwe kwa kipindi cha kuchuma, na upige mara tu baada ya kuchuma, si siku moja kabla ya lori kuja.

Kuna muda mwingine ambao huchanganywa na huu, nao ni ule wa kutoingia shambani baada ya kupulizia. Huo mara nyingi huhesabiwa kwa saa na unamlinda mpaliliaji na mchumaji. Wa kuvuna unamlinda mlaji. Kutimia kwa mmoja si kutimia kwa mwingine.

Lebo Tanzania na Kenya hutakiwa kuwa na Kiswahili pamoja na Kiingereza, ili anayepiga dawa ajisomee. Hapo ndipo duka linaloimimina dawa ya lita moja kwenye chupa ndogo za soda linapofanya madhara makubwa. Mkulima anaondoka na sumu isiyo na namba ya usajili, isiyo na jina la zao, isiyo na siku. Kuigawa hivyo ni kosa kisheria, na ukikuta duka la aina hiyo, nunua kifungashio kidogo kilichofungwa kiwandani au nenda duka la pili.