Shamba la Minangkabau si la mwanamke peke yake

Wakitajwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, husemwa kwamba kwao wanawake wanamiliki kila kitu na mwanamume hana chake. Mambo hayako hivyo.

Katika vijiji vya milimani vya Agam na Tanah Datar, mashamba ya mpunga na nyumba kubwa ya ukoo, rumah gadang, hurithiwa kwa upande wa mama. Ila mama hawezi kuamka asubuhi akaliuza shamba. Ni la ukoo mzima: yeye na binti zake hulitumia na kula mazao yake, na mjomba ndiye msimamizi. Hata kuliweka rehani kuna sababu nne tu za kimila: maiti imelazwa nyumbani na pesa za mazishi hakuna, binti mtu mzima hajaolewa, nyumba kubwa inavuja, au ukoo unamtawaza mkuu wake. Paa kuwekwa fungu moja na msiba! Nyumba hiyo ina uzito wake.

Mwanamume hana fungu lake la kuuza hapo, na zamani kijana alilala surau, yaani nyumba ya ibada ya Waislamu, si kwa mama. Lakini anachochuma mwenyewe, tuseme kwa duka Padang au mgahawa Jakarta, ni chake. Mwaka 1952, huko Bukittinggi, viongozi wa mila na maulamaa walikubaliana kwamba mali ya kuchuma irithiwe kwa sheria ya Kiislamu, basi wanawe hupata mafungu yao.

Kwa hiyo anayetaka kununua shamba huko huuliza kwanza: ni la kuchuma au la ukoo? Likiwa la ukoo, sahihi ya mtu mmoja haitoshi.