Dodoma hadi Kolo: mwamba wa michoro ndio mwamba wa tai

Wageni ninaowaongoza huomba siku mbili: moja ya michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, nyingine ya ndege mbuai. Mimi huwaambia siku moja inatosha, kwa sababu mwamba ni ule ule.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ni lami. Msikimbilie kutoka alfajiri. Saa mbili asubuhi inatosha. Ikiwa ni Jumamosi, punguzeni mwendo Msalato, siku ya mnada, mwewe wanapozunguka juu ya moshi wa nyama choma. Mtawajua kwa mkia wenye panda.

Kuanzia saa tatu hivi, ardhi ikishapata moto, hewa hupanda, na ndege wazito huipanda hewa hiyo wasichoke kupiga mbawa. Anayepita njia hii kukiwa na baridi ataapa kwamba haina tai.

Wa kwanza kumtafuta ni kipungu, aina ya tai. Mkia wake ni mfupi hata miguu inauzidi anaporuka, na huyumba huku na huku kama mtu anayetembea juu ya kamba. Tangu 2020 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Huruka chini chini akisaka mizoga, kwa hiyo mfugaji akitia sumu kwenye mzoga ili amuue fisi aliyemlia mbuzi, kipungu huwahi kufika. Hasira ya mfugaji naielewa. Ila sumu haichagui, na tafadhali, mwenye mifugo anayesoma hapa, boma imara la miiba linafaa zaidi.

Mkifika Kolo, kijiji cha Kondoa kwenye barabara hiyo, piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale mpewe mwongozaji. Michoro hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Ile ya rangi nyekundu ina twiga, pofu, na watu warefu wembamba. Ile myeupe ni ya baadaye. Mungomi wa Kolo, mmojawapo wa miamba yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko, basi ingieni kwa adabu, na msimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha. Unaharibika.

Sasa huo mwamba. Paji lake lililojitokeza ndilo lililokinga michoro na mvua. Nyufa zake ni nyumba ya pimbi, na pimbi ndio chakula kikuu cha tai mweusi. Pimbi hukojoa mahali pamoja miaka nenda rudi, na mkojo ukikauka huacha utando mweupe na kahawia. Wageni huuliza kama nao ni mchoro. Angalieni kingo: mkojo hufuata mteremko, mkono wa mchoraji hukata unapotaka. Na michirizi myeupe chini ya rundo la vijiti juu ya genge ni kinyesi cha tai. Hapo pana kiota.

Mara ya mwisho nilikuwa nimeinamia twiga mwekundu, pimbi mmoja akapiga ukelele mkali. Mzee aliyetuongoza akanigusa bega.

"Mwanangu, acha huyo twiga. Tazama juu."

Tai akageuka mara moja tu, ikaonekana ile alama nyeupe ya V mgongoni. Niliposhusha darubini, hapakuwa na pimbi hata mmoja juu ya jiwe.