Uongo wa kilo mbili na nusu: kuchagua bunduki ya kuwindia milimani

Karakana yangu iko Christchurch, kisiwa cha kusini cha New Zealand, na juu ya meza ya kazi nimetundika mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Mtu akiniletea bunduki ya kuwindia milimani, kabla hatujaongea sana naiangika hapo ikiwa na kila kitu atakachopanda nacho: darubini, mkanda, risasi, mazagazaga yote. Juzi kijana mmoja aliingia kifua mbele. Amenunua bunduki ya kilo 2.4, kitako cha nyuzi za kaboni, mtutu mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Mizani ikasoma kilo 4.1.

Hakuibiwa. Kilo 2.4 ndizo zilizoandikwa kwenye katalogi, na katalogi hupima bunduki tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia darubini ya 5-25x56 (inakuza mara 5 hadi 25, lenzi ya mbele milimita 56), ambayo peke yake inakaribia kilo moja, na miguu miwili ya kuegemea, na mkanda mpana wa ngozi. Kalipa pesa nyingi kuondoa nusu kilo kwenye kitako, kisha akairudisha mara tatu juu ya mtutu.

Mimi mambo ya uzito nilifundishwa na mgongo. Kabla ya ufundi huu nilikuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, Kilimanjaro, njia ya Machame. Getini mzigo ni kilo 20 na mizani ya pale haibembelezwi. Wageni walikuwa na neno lao, "ni kilo moja tu hii." Ukishafika ukuta wa Barranco hakuna kitu kinachoitwa kilo moja tu. Tofauti na kule, huku hakuna mgumu. Mwindaji anabeba hema, chakula, bunduki, na akifanikiwa anabeba nyama na ngozi pia.

Tunayemfuata zaidi ni tahr, mbuzi-mwitu wa Himalaya. Aliletwa hapa mwaka 1904 na kuachiwa karibu na mlima Aoraki, na kwa kuwa hakuna chui wala mbwa-mwitu wa kumla, akazaana mpaka akawa anamaliza mimea ya juu milimani. Mpango wa serikali wa mwaka 1993 uliweka kikomo cha tahr 10,000, ndiyo maana mwindaji huku anaonekana kama msaada. Ukiwa na leseni ya silaha na kibali cha Idara ya Uhifadhi, sehemu kubwa ya ardhi ya umma unaingia. Dume lenye manyoya marefu shingoni huwindwa zaidi Mei na Juni, msimu wa kupandana, theluji ikiwa imeshashuka. Unaanza kwenye mawe ya mtoni, unapanda mita elfu moja na zaidi, mwisho uko kwenye genge ambalo mkono mmoja lazima ushike jiwe. Bunduki iko kwenye mkono wa pili au mgongoni. Hapo ndipo wepesi unapoanza kuwa na maana.

Wepesi una gharama, na gharama yenyewe ni ya kifizikia, haipunguzwi na chapa. Risasi na gesi ya baruti zikitoka mbele, bunduki inasukumwa nyuma kwa kiasi kilekile cha mwendo. Ikiwa nyepesi, inarudi kwa kasi zaidi. Chukua risasi ya 7mm-08 yenye kichwa cha gramu 9 kinachotoka kwa takriban mita 850 kwa sekunde. Kwenye bunduki ya kilo 3.4 teke lake ni kama jouli 21. Kwenye kilo 2.7 linafika 26, na bado mtu mzima wa kawaida analivumilia. Sasa weka 7mm Remington Magnum, ya upana uleule ila yenye baruti nyingi zaidi, kwenye kilo zilezile 2.7: unakaribia jouli 46.

Najua jouli 46 zinavyokuwa kwa sababu niliwahi kujitengenezea bunduki ya namna hiyo. Nilikuwa mgeni kwenye ufundi na nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Ikapiga vizuri, vikundi vya risasi tatu vidogo mno, nikajisifu. Lakini nilichokuwa sikioni ni kwamba nikienda kwenye uwanja wa shabaha nilikuwa napiga risasi tano nafunga virago. Bega linauma, kichwa kinauma. Mwaka mzima nilifyatua risasi ambazo sasa nazifyatua kwa siku moja. Halafu siku ikafika: dume limesimama ubavu, mita 240, nimelala vizuri kabisa juu ya mkoba. Nikafumba macho. Sitanii, nilifumba macho kabla ya kufyatua, kama mtoto anayesubiri sindano. Risasi ikapiga jiwe chini yake, dume likapanda zake taratibu, halikuona hata haja ya kukimbia.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kaliba gani, yaani bunduki ya risasi ipi, ninamuuliza: ipi utaipiga risasi mia mbili kabla ya Mei bila kulazimishwa? Kwa wengi jibu huwa 7mm-08, au 6.5 Creedmoor, au .308 ya siku zote. Zote tatu zinaangusha tahr vizuri kwenye umbali ambao watu wengi wana haki ya kupiga. Na anayeona aibu kubeba milimita saba anisikilize kidogo. Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo mamia kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Nguvu yake ni karibu sawa na 7mm-08 ya leo. Bell alipenda bunduki nyepesi kwa kuwa alitembea sana, na alijua hasa ubongo wa tembo umekaa wapi. Simshauri mtu amuige kwa tembo. Siku hizi nchi nyingi za Afrika zinadai kaliba ya .375 (inchi 0.375) kwenda juu kwa wanyama hatari, na ni sawa. Ila kwa mbuzi wa kilo sabini au mia, hoja ya "milimita saba ni ndogo" siielewi.

Turudi kwenye mizani. Uzito upunguzwe wapi?

Anza na darubini, maana ndiyo rahisi na ndiyo watu wanaipuuza. Darubini nzuri ya 3-9x40 ina gramu 350 hivi. Ukitoka kwenye ile ya kilo moja kuja kwenye hii, umepunguza zaidi ya gramu 600 bila kugusa chuma, na uzito ulioondoka ulikuwa juu ya bunduki, mahali pabaya kabisa, panapoifanya ipinduke mkononi. Ukuzaji wa mara tisa unatosha kwa mita 300. Anayetaka kuhesabu kope za tahr abebe darubini ya macho mawili shingoni, ambayo atabeba tu.

Kitako kinafuata. Mbao ya mjozi inapendeza, lakini kitako cha kaboni kinaweza kuwa nusu ya uzito wake, na hakivimbi kwa maji. Huku pwani ya magharibi ya milima kuna mabonde yanayopata zaidi ya mita 10 za mvua kwa mwaka. Mita, siyo sentimita. Kitako cha mbao kikilowa siku nne kinasukuma mtutu pembeni na shabaha inahama bila wewe kujua. Kwa sababu hiyohiyo nataka chuma kisichoshika kutu.

Mtutu ndiko watu wanakodanganyika. "Nikatie sentimita tano iwe nyepesi." Nitakukatia, lakini ujue kwenye mtutu mwembamba sentimita tano ni gramu 60 tu, chini ya uzito wa risasi tatu, na unapoteza kama mita 15 za kasi kwa sekunde. Mtutu mfupi una faida, ila faida yake ni urefu: haunasi kwenye vichaka vya miiba, na unapata nafasi ya kufunga kiwambo cha kuzuia sauti. Huku kiwambo ni halali na ni kitu cha kawaida. Kinaongeza gramu 300 au 400, nami nasema hizo ndizo gramu bora kuliko zote utakazobeba. Zinapunguza teke, zinaokoa masikio, na mwangwi kwenye korongo unapungua kiasi kwamba mara nyingi tahr hawajui mlio umetoka wapi. Kuna vile vinavyorudi nyuma juu ya mtutu ili urefu usizidi, navipenda. Kambini kifungue ukikaushe, maana unyevu ukilala ndani unaamka na kutu.

Mtutu mwembamba pia unapata joto haraka, na ukipata joto risasi zinaanza kutangatanga. Wala hilo lisikusumbue sana. Mlimani unahitaji risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu baridi, labda na ya pili. Ukipima bunduki yako uwanjani, piga moja, iache ipoe, nenda kanywe chai, rudi upige nyingine. Kundi la risasi tano za haraka linakueleza habari ya bunduki nyingine, siyo yako.

Titani? Uzito wake ni kama asilimia 57 ya chuma cha pua. Ni nzuri, na bei yake ni ya watu wengine. Mifereji inayochongwa kwenye mtutu inapunguza kidogo na inapendeza macho. Basi.

Jambo ambalo silioni likisemwa vya kutosha ni kifyatulio. Bunduki nzito inatulia yenyewe hata ukivuta ovyo. Bunduki ya kilo tatu yenye kifyatulio kinachotaka kilo mbili na nusu kuvutwa utaipeleka pembeni kwa kidole chako mwenyewe, hasa ukiwa umetoka kupanda na mapigo ya moyo yanaonekana kwenye msalaba wa darubini. Mimi naviweka kati ya kilo 1.1 na 1.4, hapungui hapo mtu mwenye glavu. Na shika sehemu ya mbele ya bunduki. Nzito unaweza kuilaza juu ya mkoba na kuiacha irudi yenyewe. Nyepesi inaruka ukiiacha, na risasi inakwenda juu.

Kizuizi cha usalama nacho: nataka kile kinachofunga bolti, lile komeo la kupakilia risasi, isifunguke. Ukipita vichakani na bunduki mgongoni, matawi hufungua bolti na unafika juu ukiwa umeshadondosha risasi. Na magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa, kama lazima uwe nayo, ifunge kwa kamba. Zilizozama kwenye mito ya huku sijui kama zinahesabika.

Ukipiga kuelekea juu au chini ya mteremko mkali, hesabu umbali wa mlalo, kama ardhi ingekuwa tambarare, maana mvuto wa dunia unafanya kazi kwenye huo. Mita 300 kwenye mwinamo wa nyuzi 30 ni sawa na 260. Kwenye nyuzi 40 ni 230. Anayesahau hupitisha risasi juu ya mgongo. Vipima umbali vingi vya sasa vinakupa jibu, lakini betri hufa kwenye baridi, kwa hiyo namba chache ziandike kwenye karatasi ndogo ubandike kwenye kitako.

Yule kijana tulimaliza naye mchana mmoja. Darubini ikatoka, miguu miwili ikatoka, mkanda ukawa wa nailoni, kiwambo kikaingia. Mizani ikasoma kilo 3.5 na risasi nne ndani. Alinung'unika kidogo kwamba bado siyo ile 2.4. Nikamrushia na kipande cha utepe wa umeme wa kuziba mdomo wa mtutu, theluji na matope yasiingie. Unapiga risasi kupitia utepe bila shida yoyote. Ila zungushia mwingine wa akiba kwenye mtutu, maana wa kwanza utatoboka na siku bado ndefu.